Chumvi Uani kwa Mzee Masunga

Sehemu ya tisa

Krrap. Krrap. Krrap.

Niliisikia nikiwa bado nusu usingizini, chumba kizima giza. Ilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, taratibu, mtu anayejua wenye nyumba wamelala.

Nikakaa kitandani. Simu ilisema saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Krrap.

Ilitoka nje, nyuma ya ukuta wangu. Pale pale ilipo mashine.

Uliyenikuta leo tu, ngoja nikuweke sawa kabla sijatoka nje, maana nikishatoka sina nafasi tena. Mimi ni Domitila, miaka ishirini na minne, nimepanga chumba kimoja uani kwa Mzee Masunga hapa Bariadi. Asubuhi nauza chai na maandazi. Jioni tatu kwa wiki nasoma ufundi bomba, mwanamke peke yangu katika darasa la wanaume kumi na mmoja. Mume wangu Novatus alikwenda kuchimba dhahabu, na huu ni mwezi wa kumi na nne bila hata salamu. Hayo nimeshayalilia huko nyuma. Leo siyarudii.

Leo ni habari ya binti yangu Kabula, miaka sita.

Maji ya kisima cha hapa kwetu ni magumu. Sabuni haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyoharibika na kuganda mwilini. Ngozi ya Kabula ilikataa. Ilipasuka nyuma ya magoti na kwenye viwiko, akawa anajikuna mpaka shuka linapata damu. Mama mkwe wangu, Bibi Nyanjige, alikuja kutoka Lingeka, akamtazama mara moja tu, akambeba mgongoni.

"Siku maji yako yatakapotoa povu," aliniambia akiwa mlangoni, "niite nije nione kwa macho yangu. Yakitoa, mtoto atabaki kwako. Yasipotoa, usinisumbue tena. Nitamlea mwenyewe."

Miezi mitano nikalala peke yangu.

Ndipo Mwalimu Dastan wa darasa letu akanipa mashine ya kulainisha maji, kuukuu, iliyong'olewa kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa. "Ukiweza kuifunga, ni yako," akasema. Wanaume wakacheka. Nikaifunga.

Nimeifunga nje kwa sababu ndani mimi na kitanda tunabanana. Nimemwaga zege kidogo ikae sawa, nikaijengea kibanda cha mabati, maana jua la huku likipiga plastiki wiki mbili inapasuka. Kuna mtungi mrefu wenye punje ndogo kama uwele. Hizo ndizo zinazonasa ugumu wa maji. Pembeni kuna ndoo kubwa ya chumvi ya mawe, nayo ndiyo chakula chake. Kila baada ya siku kadhaa mashine inakunywa maji ya chumvi, inajiosha zile punje, inatema uchafu kwa mpira mwembamba. Bila chumvi, hapo ukutani ni mapambo.

Na Bibi Nyanjige alikuwa anakuja leo. Jumapili, saa nne asubuhi, na Kabula.

Krrap. Krrap.

Nikawaza: mwizi. Anafungua nati zangu.

Nikachukua spana kubwa, nikafungua mlango kwa kishindo. "Nani hapo!"

Hakukimbia. Aligeuza kichwa, akanitazama kwa jicho moja kubwa, akaendelea.

Alikuwa ng'ombe.

Ng'ombe wa Mzee Masunga, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, yule aliyekuja kwa mahari ya binti yake Flora. Kichwa chote kilikuwa ndani ya ndoo yangu. Mfuniko ulikuwa chini na jiwe lake kando. Ulimi ulikuwa unakwangua plastiki.

"Mama yangu! Toka! Toka wewe!"

Nikamsukuma kwa bega. Ni sawa na kusukuma ukuta. Nikamvuta sikio. Akanipiga kwa mkia usoni. Mpaka nilipomgonga pua kwa spana, kidogo tu jamani, ndipo akarudi nyuma, midomo ikidondosha mate meupe.

Nikamulika ndoo kwa simu. Jana nilikuwa nimeijaza. Sasa nyingi imekwenda, na iliyobaki ilikuwa tope, mate na nyasi zilizotafunwa.

Mtaniuliza, Domitila, ng'ombe amejuaje kuna chumvi nyuma ya ukuta wako?

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, nami niliahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitaficha.

Mwalimu Dastan aliniambia yale maji ya chumvi yanayotemwa niyachimbie shimo, nijaze mawe, nifunike. Nilikuwa nimeshashika jembe siku ile. Mzee Masunga akaja na mswaki wake mdomoni, akasimama kunitazama.

"Ng'wanone," alisema, hivyo ndivyo anavyoniita, mwanangu, "hayo maji ya chumvi unayapeleka wapi?"

"Shimoni, baba."

"Shimoni! Kwenu Shishiyu baba yako hana ng'ombe?"

"Anao, baba."

"Na alikuwa anafukia chumvi?"

Nikacheka. Hakucheka.

"Elekeza mpira wako kwenye hori langu. Walambe. Chumvi ni chumvi."

Ilinipasa kusema hapana. Fundi angesema hapana. Lakini mimi ni mpangaji, yule ni mwenye ukuta, na tena, tuseme ukweli, nimekulia kwa watu wanaoswaga ng'ombe nusu siku kutafuta ardhi yenye chumvi walambe. Kwetu kufukia chumvi ng'ombe wanakuona ni kama kumwaga maziwa. Moyo wangu wenyewe ulikubaliana na yule mzee.

Nikapeleka mpira horini. Wiki mbili wakalamba. Alfajiri ile mmoja wao akaamua kuufuata mpira mpaka unakotoka.

Nikamrudisha zizini kupitia lile tundu alilolibomoa kwenye ua wa miiba. Nikaziba kwa matawi, vidole vikitoka damu. Kisha nikasimama mbele ya dirisha la Mzee Masunga, mkono juu, tayari kugonga.

Sikugonga.

Nilijiambia, ukimwamsha ataanza maneno. Maneno yatakuta Bibi Nyanjige anaingia. Mwache ng'ombe, kwani chumvi imeshamuua nani?

Nikashusha mkono.

Chini ya kitanda nilikuwa na nusu kiroba cha chumvi. Niliosha ndoo mara tatu, nikamimina chumvi, nikatia maji, nikasubiri iyeyuke. Nani aliwahi kuona chumvi inayeyuka kwa uvivu namna ile? Nikafagia uani. Nikakoroga. Nikafagia tena.

"Mama Kabula," mama mwenye nyumba, Lukresia, alisema akitoka na kopo lake, "hiyo ardhi ilikukosea nini?"

"Mgeni anakuja, mama."

"Mgeni au hakimu?"

Nikaendelea kufagia. Alijua.

Saa mbili kasoro robo nikabonyeza kitufe mashine ianze kujiosha. Ikaguna, ikanyonya. Inachukua saa moja na nusu. Wakati inajiosha, maji yanayotoka bombani ni yale yale magumu, yanapita pembeni bila kuguswa. Nikapiga hesabu: itamaliza saa tatu na robo. Bibi saa nne. Nikashusha pumzi.

Saa mbili na nusu lori la pamba likapiga honi njiani.

"Hodi humu!"

Jamani.

Bibi Nyanjige alikuwa amesimama getini, fimbo mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Dereva ni mtoto wa jirani," akasema. "Nikamwambia, unakwenda Bariadi na pamba, na mimi ni pamba."

Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Inuka, sketi itachafuka."

Nyuma yake, ameshika kanga ya bibi yake, alikuwa Kabula.

Amerefuka. Kichwa kimenyolewa. Alinitazama kama mtu anayesoma herufi anayoijua lakini ameisahau kidogo. Sikumkimbilia. Nilipanua mikono tu, magoti bado chini, nikasubiri.

Akaja polepole. Kisha akaja haraka.

Nikamshika viwiko. Laini. Hakuna ufa hata mmoja.

"Umeona?" Bibi alisema juu ya kichwa changu. "Lambo la matope limemponya. Bomba la mjini lilimchuna."

"Nimeona, mama."

"Haya. Leta beseni."

"Mama, kwanza chai. Mmetoka mbali."

"Chai nitakunywa nikishajua nakunywa kwa furaha au kwa adabu. Beseni."

"Mama, mashine bado..."

Alikuwa ameshafika bombani. Akafungua, akajaza beseni mwenyewe, akatoa kwenye kifuko chake kipande cha sabuni ya mche. Alikuja na sabuni yake! Hakuniamini hata kwa sabuni. Akasugua. Akasugua tena.

Utando wa kijivu ukaelea juu ya maji.

Alinionyesha mikono yake tu, imeganda weupe kama aliyeshika unga wa muhogo.

"Maji yale yale," akasema.

"Mama, naomba unisikilize. Mashine inajiosha. Ikiwa inajiosha, inapitisha maji bila kuyagusa. Saa tatu na robo itamaliza."

"Mashine inaoga?"

"Ndiyo, mama."

"Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama sana. "Novatus naye alikuwa hivyo," akasema. "Kila kitu chake kilikuwa kinakuja baada ya saa moja."

Ilinichoma, lakini niliimeza. Nikatandika mkeka. Akakaa akiangalia mashine kama anavyoangalia mchuuzi mnadani. Mimi nikakaa, nikainuka, nikakaa. Nikapeleka chai. Nikaweka sikio kwenye mtungi. Kabula akaweka sikio lake upande wa pili.

"Inasema nini?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Inasema nisubirini."

Akacheka. Miezi mitano sijausikia mcheko ule.

Kutoka zizini nikasikia ng'ombe analia. Mlio mfupi, mkavu. Nikajifanya sijasikia.

Saa tatu na robo mashine ikagonga, kak, ikanyamaza.

Nikaacha maji ya kwanza yamwagike. Nikaosha beseni, nikajaza, nikarudi nyuma hatua tatu nisije nikasemwa nimetia dawa. "Mama, tafadhali."

Bibi Nyanjige akachovya sabuni. Akasugua mara moja.

Povu likapanda.

Akasugua ya pili, likamfunika viganja. Ya tatu, likavuka kingo za beseni, likashuka chini, jeupe, jepesi, likimetameta juani. Lukresia aliyekuwa anaanika nguo akapiga kigelegele bila kualikwa.

Bibi akalipuliza. Kipande kikaruka, kikamtua Kabula kwenye pua.

"Hm," Bibi akasema.

Huyo ndiye Bibi Nyanjige akifurahi. Alimvua Kabula gauni, akamwogesha mwenyewe pale pale kwenye beseni, taratibu, nyuma ya magoti, kwenye viwiko, huku akiimba kitu cha Kisukuma chini kwa chini. Akammwagia maji. Akampitisha kidole mgongoni, kikateleza.

"Mama Kabula."

"Abee, mama."

"Nguo zake ziko kwenye fundo lile. Zitoe, uzipange ndani kwako."

Nilisimama, nisijue mikono niiweke wapi. Nilitaka kulia, nikaona nitamharibia siku. Nikachukua fundo. Nilikuwa nimefungua kona moja tu ya kanga.

"Lukresia! Lukresia! Ng'ombe ameanguka!"

Sauti ya Mzee Masunga, kutoka zizini.

Tulikimbia wote, hata Bibi na fimbo yake. Kabula nilimvika gauni tukiwa njiani.

Yule mtamba mwekundu alikuwa amelala ubavu. Miguu inatikisika. Mate yanamwagika. Macho wazi, lakini Mzee Masunga alipopitisha mkono mbele yake hakupepesa.

"Sumu," mzee alisema. "Hii ni sumu ya pamba. Ni Selestini huyu!"

Selestini ni jirani wa ng'ambo ya ua, wana ugomvi wa mpaka tangu kabla sijahamia.

"Baba Flora, huna uhakika," Lukresia akasema.

"Uhakika wa nini? Kwake kuna makopo ya dawa tangu msimu wa kilimo! Tena angalia miiba hapa, imebomolewa na kuzibwa upya. Kuna mtu ameingia usiku! Lete maziwa tumnyweshe, ndoo nzima, kisha lete panga langu."

"Panga la nini?"

"La kumsalimia Selestini!"

Nikatazama ile miiba. Ilikuwa na damu ya vidole vyangu.

Wasomaji wangu, nawaambia jinsi ilivyokuwa, si jinsi ambavyo ningependa. Kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, nilinyamaza. Nikawaza: nikisema, mzee ataing'oa mashine. Mashine iking'olewa, povu limekwisha. Povu likiisha, Kabula anarudi Lingeka. Nikinyamaza, ng'ombe atakufa kwa jina la Selestini, na mimi jioni nitamlaza mwanangu kitandani kwangu.

Ilikuwa rahisi hivyo. Midomo ilikuwa imefungwa tayari, kazi ilikuwa ni kuiacha tu.

Mzee Masunga akatoka na panga. Amevaa kandambili mguu mmoja.

"Baba," nikasema.

Hakusikia.

"Baba Masunga! Si Selestini. Ni chumvi."

Akasimama.

"Alfajiri nilimkuta anakula chumvi kwenye ndoo ya mashine. Amekula nyingi. Nikamrudisha zizini, nikaziba ua mimi mwenyewe. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, baba."

"Nimekupa chumba. Nimekupa ukuta wangu utoboe utakavyo. Nawe unamwacha ng'ombe wa mahari ya binti yangu afe, unanisalimia 'shikamoo baba' asubuhi nzima?"

Sikuthubutu kumtazama Bibi Nyanjige.

Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye samadi, anamfungua ng'ombe mdomo, ananusa.

"Mara ya mwisho amekunywa maji lini?" akauliza.

"Jana mchana, lamboni," Mzee Masunga akajibu, kama mtoto aliyeulizwa na mwalimu.

"Na usiku horini kulikuwa na nini?"

Mzee akageuka kulitazama hori.

Bibi akajivuta mpaka kwenye hori, akachovya kidole, akaonja. Akatema mate. "Chumvi tupu! Ng'ombe amejaza chumvi tumboni, ana kiu, na cha kunywa hapa ni chumvi nyingine. Nani ameelekeza mpira huu humu?"

Niliangalia chini. Ningeweza kusema. Nikaona nimeshasema ya kutosha yaliyo yangu, ya mwenzangu ayaseme mwenyewe.

Mzee Masunga akakuna shingo kwa mpini wa panga.

"Sema, baba Flora," mkewe akamwambia.

"Mimi nilisema walambe," mzee akasema. "Sikusema wale."

"Na ng'ombe anajua tofauti?" Bibi akamkatiza. "Una mvi mpaka masikioni, unachanganya hori la chumvi na hori la maji? Weka hilo panga chini. Maziwa rudisheni. Leteni maji safi na bakuli. Si ndoo! Ukimpa ndoo nzima sasa hivi utamuua mara moja. Bakuli moja, tunapumzika. Bakuli, tunapumzika. Na mmtengenezee kivuli."

Hakuna aliyebisha. Nilileta bakuli. Lukresia akashika kichwa. Mzee Masunga akavua shati lake na kulishikilia juu ya jicho la ng'ombe, mikono imenyooka, jua linampiga mgongoni. Bakuli la kwanza lilimwagika lote. La pili akameza. La tano akainua kichwa, tukashangilia. Akakilaza tena.

"Mpaka jioni ndipo tutajua," Bibi akasema, akijikung'uta magoti.

"Baba," nikamwambia Mzee Masunga, "nipe jembe. Lile shimo la mawe nalichimba leo hii hii. Na ndoo nitaitia kufuli, nitazungushia..."

"Hapana."

"Baba, tafadhali."

"Afe asife, sitaki tena kuiona hiyo mitungi ukutani kwangu. Jua lisizame ikiwa pale." Hakupaza sauti. Ndiyo maana nilijua hatanii.

Tulirudi uani, mimi na Bibi. Kabula alikuwa ametangulia. Bibi akaenda moja kwa moja bombani, akanawa samadi. Povu likamjaa tena viganjani. Alilitazama muda mrefu, mikono imesimama.

"Mama," nikasema, "maji yalitoa povu. Uliona."

"Niliona."

"Uliahidi."

"Niliahidi, na sijageuka." Akafunga bomba. "Kesho yatatoka wapi?"

"Nitahama. Nitatafuta ukuta mwingine. Najua kuifunga sasa, hata kwa siku mbili..."

"Kwa nani? Nyumba yenye maji, yenye mwenye nyumba anayemtaka fundi aliyemwangushia mwenzake ng'ombe? Mji huu ni mdogo, mama Kabula. Kabla ya saa saba habari itakuwa sokoni."

Akanisogelea. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe: akanifuta uso kwa mkono wake wenye maji. "Umesema kweli, na ulijua inakuchukulia mtoto. Hilo nimeliona, na Novatus hajawahi kunionyesha kitu kama hicho. Lakini ngozi ya mtoto haiogi ukweli. Inaoga maji."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka uwe na ukuta wako. Lori linarudi saa tisa."

Akachukua fundo la nguo, lile ambalo sikumaliza kulifungua, akaikaza ile kona niliyoilegeza. Zizini nilimsikia Mzee Masunga akihesabu bakuli kwa sauti ndogo. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mikono yangu ilikuwa imeshashika spana, sijui niliichukua saa ngapi, sijui nilitaka kufungua nini.

"Kabula," Bibi akaita. "Njoo. Twende tukalisubiri gari."

Kabula alikuwa ndani ya chumba changu, ameketi katikati ya kitanda, miguu inaning'inia. Alimtazama bibi yake mlangoni. Akanitazama mimi nyuma ya bibi yake. Hakulia wala hakununa.

"Mimi nimeshavua viatu," akasema.